Chakula cha Asili: Uliza Kwanza, Nunua Baadaye

Siku hizi maneno "chakula cha asili" yako midomoni mwa watu wengi. Katika maduka makubwa ya jiji la Arusha utakuta asali, unga, mbegu na mafuta katika chupa na pakiti zilizopambwa. Vyote vimeandikwa kuwa ni vya asili na vinaleta afya. Bei yake ni kubwa. Mwenye kipato kidogo hutazama, akatikisa kichwa, akaondoka akidhani kwamba afya ni mali ya matajiri.

Dhana hiyo si ya kweli. Mkazi wa Kwa Mrombo, kusini mwa jiji, hana haja ya kupanda daladala kwenda mjini kutafuta afya ndani ya pakiti. Chakula cha asili kiko sokoni kwake, kimepangwa mafungu chini ya mwavuli. Lakini iko hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Si kila kitu cha asili ni salama. Katika makala hii tutaeleza jinsi ya kuchagua kilicho bora na jinsi ya kuepuka chenye madhara.

SOKO LETU LINA NINI?

Wazee wanaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 na ile ya "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975. Katika vikundi vya redio watu walijifunza kwamba mwili unahitaji vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kuulinda mwili. Somo hilo halijachakaa. Katika utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022, watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 walionekana wamedumaa. Katika nchi yenye ardhi nzuri kama yetu, jambo hili linatupasa kufikiri.

Sasa tazama soko. Kutoka mitelemko ya Mlima Meru huja ndizi, magimbi, karoti, kabichi na maparachichi. Vitunguu hutoka Mang'ola, mchele hutoka Magugu, dagaa hutoka Ziwa Victoria. Kuna maharage, karanga, ulezi na mtindi. Kuna mchicha, mnafu, majani ya kunde na ngogwe.

Mboga hizi za kienyeji zilidharauliwa kwa muda mrefu kuwa ni chakula cha maskini. Lakini wataalamu hawakuzidharau. Pale Tengeru, kituo cha utafiti wa mboga cha kimataifa kimefanya kazi tangu miaka ya 1990 kukusanya na kuboresha mbegu za mchicha, mnafu na ngogwe. Mchicha na mnafu vina madini ya chuma, na vina vitamini A ambayo hulinda macho na kuupa mwili nguvu ya kupigana na maradhi. Fungu la mnafu halina pakiti wala tangazo, lakini ndicho chakula cha afya chenyewe.

NENO "ASILI" PEKE YAKE HALITOSHI

Tuchukue mfano wa magadi. Magadi huchimbwa ardhini. Hayakutengenezwa kiwandani. Akina mama wengi wa Arusha huyatia kwenye makande ili mahindi na maharage yaive upesi. Je, kuna kitu cha asili kuliko hicho?

Lakini magadi ya kaskazini mwa nchi yetu huwa na madini ya floridi, na mengine huwa nayo kwa wingi sana. Miamba ya volkano ya Mlima Meru hutoa madini hayo hayo ndani ya maji ya chemchemi na visima vingi vya eneo hili. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita 1 ya maji ya kunywa. Mtoto anayeipata kwa wingi huota meno yenye rangi ya kahawia, na meno hayo hayarudi kuwa meupe. Ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa huharibika na miguu hupinda. Kuchemsha maji hakuondoi floridi. Maji yakipungua sufuriani, floridi inabaki pale pale. Ndiyo maana wataalamu wa kituo cha Ngurdoto walitumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuchuja maji hayo.

Basi ufanyeje? Loweka maharage na mahindi usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha pika kwa maji mengine. Yataiva vizuri bila magadi, na kuni au mkaa utapungua.

SUMU ISIYOONEKANA

Hatari kubwa zaidi iko kwenye nafaka na karanga. Mahindi yakivunwa na kuhifadhiwa kabla hayajakauka, huota ukungu. Ukungu wa aina fulani hutoa sumu inayoitwa sumukuvu. Sumu hii haina harufu wala ladha. Kupika hakuiondoi. Ikiingia mwilini kwa wingi huharibu ini na kuua kwa siku chache. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini. Wataalamu pia wanaihusisha na kudumaa kwa watoto.

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 2004 huko Kenya watu 317 waliugua kwa sumu hii na 125 walifariki. Mwaka 2016 ilikuwa zamu yetu. Katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliugua, na 20 kati yao walifariki. Walikula mahindi ya kawaida, ya asili, yaliyolimwa na mikono yao wenyewe.

Kwa hiyo unaponunua mahindi au karanga, fanya hivi:

Kwanza, usinunue unga usioujua. Nunua mahindi, yachague, kisha yapeleke mashine mwenyewe. Ndani ya unga huwezi kuona punje mbovu.

Pili, ingiza mkono ndani ya gunia. Mahindi yaliyokauka ni magumu na hayana joto wala unyevu. Ukiuma punje ivunjike kwa mlio. Ikibonyea, bado ni mbichi.

Tatu, mimina kwenye ungo na kuchambua. Ondoa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizosinyaa na zenye rangi ya kijani, njano chafu au nyeusi. Karanga chungu iteme. Kuchambua hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa, ingawa hakuimalizi yote.

Nne, punje mbovu usimpe kuku wala ng'ombe. Sumu iliyo kwenye chakula cha ng'ombe hupita hadi kwenye maziwa, nayo hurudi kwa mtoto wako. Zifukie.

Hapa ipo hoja ya dona na sembe. Ni kweli kwamba dona ni bora kuliko sembe, kwa sababu lina kiini na pumba zenye vitamini. Lakini sumukuvu nayo hukaa zaidi katika sehemu hizo za nje. Maana yake ni kwamba dona zuri hutokana na mahindi mazuri tu. Kama mahindi yako yana mashaka, kuyakoboa hupunguza sumu, na mabovu kabisa yasiliwe.

UNGA WA LISHE WA MTOTO

Wazazi wengi hununua unga wa lishe uliochanganywa mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga na hata dagaa. Huamini kuwa vikiwa vingi ndiyo afya inazidi. Ndugu msomaji, fikiri. Karanga moja mbovu ikisagwa humo, nani ataiona? Tena karanga zilizosagwa huchacha upesi. Na mtoto akiharisha au akitoka vipele, hutajua ni chakula kipi kati ya vyote kilichomdhuru.

Njia iliyo salama ni hii. Saga nafaka ya aina moja, kwa mfano ulezi au mahindi uliyoyachambua. Saga kidogo, ya kutosha siku chache. Wakati wa kupika uji, ongeza maziwa au karanga ulizozichagua na kuzitwanga siku ile ile. Baadaye mpe tunda. Uji huu utamgharimu mzazi kidogo kuliko pakiti, na kila kilichomo unakijua.

MBOGA NA NYANYA

Huenda umeona nyanya zenye unga mweupe juu ya ngozi. Huo mara nyingi ni dawa ya ukungu iliyopuliziwa shambani. Kila dawa ya mimea ina siku za kungoja kati ya kupulizia na kuvuna, nazo huandikwa kwenye kibandiko. Mkulima mwenye haraka ya kuuza akivuna kabla ya siku hizo, dawa inakuja hadi mezani kwako.

Wengine husema mboga iliyotobolewa na wadudu haina dawa. Hiyo si kipimo. Yawezekana ilipuliziwa baada ya kutobolewa. Kipimo kizuri ni kuuliza. Mazungumzo yenyewe si marefu:

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mboga."

"Asante mama. Mnafu huu umetoka wapi?"

"Umetoka kwangu Nduruma, nimeuchuma asubuhi."

"Na dawa ulipulizia lini mara ya mwisho?"

Muuzaji aliyelima mwenyewe atakujibu. Mchuuzi aliyenunua jumla huenda asijue, lakini wateja wengi wakimwuliza, naye atamwuliza mkulima wake. Ndivyo soko linavyobadilika. Uliza pia juu ya maji. Mboga iliyomwagiliwa kwa maji ya mto unaopita katikati ya mji, kama Themi, yaweza kubeba uchafu wa mji huo.

Ukifika nyumbani, osha nyanya na mboga kwa maji safi yanayotiririka, ukisugua kwa mkono. Usitumie sabuni. Kuosha huondoa vumbi na dawa iliyo juu, si ile iliyokwisha kuingia ndani.

Ukipenda kununua moja kwa moja kwa wakulima, nenda gulio la Tengeru siku ya Jumatano au Jumamosi, au la Ngaramtoni siku ya Alhamisi au Jumapili. Mkiungana majirani watatu au wanne mkanunua kwa gunia na kugawana kwa sado, nauli itakuwa nyepesi.

ASALI, MAZIWA NA CHUMVI

Asali halisi ni chakula kizuri. Wengi huipima kwa kiberiti au kwa kuidondosha majini, lakini vipimo hivyo havithibitishi kitu. Nunua kwa mtu unayemjua. Na hata iwe safi namna gani, usimpe mtoto aliye chini ya mwaka 1. Yaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvishinda.

Maziwa mabichi yaweza kuleta kifua kikuu na homa ya kutupa mimba. Yachemshe kwanza, ndipo ugandishe mtindi wako.

Chumvi ya mawe nayo ni ya asili, lakini huenda isiwe na madini joto yanayozuia tezi la shingo na kulinda akili ya mtoto aliye tumboni. Nunua chumvi iliyoandikwa kuwa ina madini joto.

ALAMA YA KILIMOHAI

Je, mtu atajuaje kwamba bidhaa ya dukani imelimwa kweli bila mbolea na dawa za viwandani? Mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Arusha, ilipata kiwango kimoja cha kilimo hai kwa nchi zake. Alama yake huitwa Kilimohai. Mkulima hupewa alama hiyo baada ya kukaguliwa. Wakulima wadogo wanaweza kujiunga katika kikundi na kukaguana wao kwa wao kwa taratibu zilizowekwa. Neno "asili" lililoandikwa na mwenye duka peke yake si ushahidi. Itafute alama.

Lakini kumbuka kwamba alama hiyo inaeleza namna chakula kilivyolimwa. Haizuii ukungu kama mahindi yaliwekwa mahali penye unyevu. Jicho lako na ungo wako bado vina kazi.

JIKONI

Usiipoteze afya uliyoinunua. Osha mboga kabla ya kukatakata. Pika kwa muda mfupi na usimwage maji yake. Tia mafuta kidogo, karanga au kula na parachichi, ili mwili upate vitamini A. Kula chungwa au kamulia ndimu pamoja na maharage, mwili utapata madini ya chuma zaidi. Chai isubiri, isinywewe pamoja na chakula, maana huzuia madini hayo.

Ndugu msomaji, afya haiuzwi kwa pakiti peke yake. Iko katika fungu la mnafu, sado la maharage na ulezi uliochambuliwa vizuri. Bei yake nyingine ni kuuliza, kuangalia na kuchambua. Bei hiyo hata maskini anaimudu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini si kila chakula cha asili ni salama? Toeni mifano miwili.

2. Mahindi mnayokula nyumbani yalihifadhiwa wapi, na nani aliyachambua kabla ya kusagwa?

3. Mtaani kwenu ni familia ngapi bado hupika kwa magadi? Mtawasaidiaje kuacha?

4. Je, majirani wanaweza kuungana kununua chakula kwa mkulima mmoja wanayemjua? Pangeni namna ya kuanza.