Nyumba ya matofali ya kuchoma: Zuia maji na jaza mianya kabla ya kufikiria lipu

Mavuno yanapomalizika katika mikoa ya Iringa, Njombe, Mbeya na Ruvuma, fedha za mahindi, viazi na maharage huanza kutafutiwa kazi. Baada ya ada za shule na deni la duka la pembejeo, jambo linalowajia wakulima wengi ni nyumba. Hasa ile ya zamani ya matofali ya kuchoma, ambayo ukiiweka karibu na nyumba mpya ya jirani iliyopigwa rangi huonekana imechoka.

Nyingi ya nyumba hizo zilijengwa miaka ya 1970 na 1980, baada ya watu kuhamia vijijini na kando ya barabara. Wakati huo udongo na kuni vilikuwapo, lakini saruji ilikuwa adimu. Wenye nyumba walifyatua matofali wenyewe, wakayachoma, kisha wakayapanga kwa udongo. Saruji kidogo iliyopatikana ilitumika kuziba mianya upande wa nje tu.

Leo saruji ipo madukani hadi vijijini, na kwa hiyo uamuzi wa kwanza wa wengi ni kuita fundi apige lipu ukuta mzima kisha rangi ifuate. Je, huo ndio uamuzi wenye faida? Makala haya yanaeleza kwa nini mara nyingi sivyo, na fedha hiyo ianzie wapi.

Kinachoizeesha nyumba ni maji

Tofali lililoiva vizuri kwenye tanuri haliharibiki kwa umri pekee. Kinacholiharibu ni maji. Tazama ukuta wowote mkongwe na utaona kuwa uchakavu hauko sawa kila mahali. Sehemu ya chini, kiasi cha nusu mita kutoka ardhini, ndiyo iliyolika zaidi, kwa sababu maji ya paa hudondoka na kurusha tope ukutani. Matofali yaliyo chini ya upenu huwa bado mazima na yenye rangi yake nyekundu.

Unga mweupe unaojitokeza juu ya matofali nao ni dalili ya unyevu. Ni chumvi iliyomo kwenye udongo au tofali, ambayo husafirishwa na maji na kubaki nje yanapokauka. Ukiufunika kwa rangi bila kuzuia maji, rangi itabanduka.

Hapo ndipo lipu ya saruji nyingi inapoleta hasara. Ukuta uliojengwa kwa udongo ni laini na hupumua. Lipu ngumu haipumui. Unyevu unaopanda kutoka chini au kupenya kwenye nyufa hukosa njia ya kutokea, udongo wa ndani hulainika, na baada ya misimu michache lipu huachia na kuanguka vipande vipande ikiwa imeng'oa na uso wa tofali.

Jambo hili halihusu nyanda za juu pekee. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa lipu ya chokaa. Huko pia imeonekana kuwa kuziba kuta hizo kwa saruji hufungia unyevu na chumvi ndani. Ndiyo maana kazi za ukarabati zinazofuata utaalamu hurudi kwenye chokaa.

Piga hesabu kwa mifuko

Tuchukue nyumba yenye urefu wa mita 10, upana wa mita 8 na ukuta wa kimo cha mita 2.7. Mzunguko wake ni mita 36, hivyo kuta za nje zina takriban mita za mraba 97. Ukiondoa milango na madirisha, zinabaki kama 85.

Kupiga lipu eneo hilo kwa unene wa milimita 15, kwa kipimo kimoja cha saruji na vinne vya mchanga, kunahitaji mifuko 10 hadi 12 ya saruji. Ukuta usionyooka utakula zaidi. Kisha inakuja rangi, ambayo kwa mikono miwili ni karibu ndoo ya lita 20, na itapaswa kurudiwa kila baada ya miaka kadhaa.

Kujaza upya mianya kati ya matofali kwenye eneo hilohilo, kwa kina cha sentimita 2, hakuzidi mifuko 2 ya saruji pamoja na mifuko michache ya chokaa. Na kwa kawaida si ukuta wote unaohitaji kujazwa.

Tofauti ni mifuko 8 au zaidi ya saruji, na ndoo ya rangi juu yake. Izidishe kwa bei ya duka lako, kisha ulinganishe na bei ya mbolea ya msimu ujao. Ni kweli kuwa kujaza mianya huchukua siku nyingi za fundi kuliko lipu. Hata hivyo, kazi ya kukwangua na kusafisha inaweza kufanywa na watu wa nyumbani.

Mpangilio wa kazi

Kwanza, ondoa maji. Weka mifereji ya bati kwenye paa, rekebisha mabati yanayovuja, na inamisha ardhi kuzunguka nyumba ili maji yatoke badala ya kutuama kwenye msingi. Mifereji hiyo ina faida ya pili. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 100 mahali penye mvua ya milimita 800 kwa mwaka hupokea lita 80,000. Hata ukikinga sehemu ndogo tu, ni maji ya mifugo na bustani.

Pili, safisha. Tumia maji na brashi ngumu ya nyuzi. Usitumie brashi ya waya wala tindikali, kwa kuwa vinachuna uso mgumu wa tofali. Unga mweupe uondoe kwa brashi kavu, maana maji huurudisha ndani.

Tatu, kwangua mianya iliyolegea hadi sentimita 2, lowesha ukuta, kisha jaza. Mchanganyiko unaofaa matofali laini ni kipimo 1 cha saruji, 2 vya chokaa na 9 vya mchanga. Fundi anaweza kusema ni dhaifu, lakini ndivyo inavyotakiwa. Mchanganyiko ukiwa mgumu kuliko tofali, litakalovunjika ni tofali. Fanya kazi asubuhi na uloweshe kwa siku kadhaa jua lisiukaushe haraka.

Nne, badilisha matofali yaliyooza. Ligonge kwa nyundo ndogo: lililoiva hulia kwa sauti kali, bichi hutoa sauti nzito na kumeguka.

Tano, weka rangi mahali panapoonekana zaidi kwa gharama ndogo: milango, fremu za madirisha, nguzo za baraza na ubao wa pembeni mwa paa. Ukuta mwekundu uliosafishwa wenye milango iliyopakwa vizuri hubadili sura ya nyumba nzima. Wanaotaka ukuta mweupe watumie chokaa iliyozimwa, mikono 2 hadi 3 myepesi juu ya ukuta uliolowa. Kinga macho na mikono, maana chokaa huunguza.

Lini lipu inafaa

Yapo mazingira ambayo lipu haiepukiki, kwa mfano pale matofali mengi hayakuiva na yanamong'onyoka. Hata hapo, zuia maji kwanza na utumie lipu yenye chokaa badala ya saruji nyingi. Kwa mfanyabiashara mwenye chumba cha duka kinachotazama barabara, lipu ya upande wa mbele inaweza kujilipa kwa kodi nzuri, lakini hakuna sababu ya kufunika pande tatu ambazo mteja hazioni.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mikoa hii mvua huanza kati ya Novemba na Desemba, hivyo miezi ya kiangazi baada ya mavuno ndiyo ya kazi hii. Kama fedha ya mwaka huu inatosha jambo moja tu, iwe ni mifereji ya paa. Mianya ifuate mwakani, na rangi ya milango ije mwisho. Kwa mpangilio huo nyumba itapendeza, na mbegu na mbolea zitanunuliwa kwa wakati.