Kizingitini: Bahari haina ua, lakini ina wenyewe

Ukikulia Hadado, huko Wajir Magharibi, bahari ni kitu cha kuona kwenye simu. Maji unayoyajua ni ya kisima na bwawa, na mali ni ngamia na mbuzi. Ukitajiwa Lamu, akili inakimbilia punda na picha za machweo. Leo twende mbele kidogo, hadi Kizingitini, kijiji cha wavuvi Wabajuni katika kisiwa cha Pate.

Huko kalenda ni upepo. Kaskazi ikivuma, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi hivi, bahari hutulia na vyombo huenda mbali. Kusi ikishika, mawimbi hupanda na mwenye dau dogo hubaki ndani ya miamba. Ni kama sisi na mvua za Gu na Deyr: zikikosa, mipango yote inavurugika.

Kizingitini inasifika kwa kamba, wale wakubwa wanaoishia kwenye sahani za mahoteli. Wapo wazamiaji wanaoshuka na pweza mkononi. Kamba humwogopa pweza sana, kwa hivyo akimwona tu anatoka pangoni mwenyewe. Ujanja huo hufunzwi darasani, unaupata kwa baba na wajomba.

Pesa nazo zina utaratibu. Kwanza hutolewa gharama, kisha fungu la chombo, halafu nahodha na mabaharia wanagawana. Kijana asiye na dau anaanza kama baharia. Siku zikiwa kavu, tajiri anakukopesha, na hapo samaki wa kesho wameshapata mwenyewe kabla hujawavua.

Sasa sikiza hii. Machi 2012 ujenzi wa bandari ya Lamu ulizinduliwa, sehemu ya mradi wa LAPSSET. Kwenye ramani, bahari ile ilionekana tupu. Wavuvi wakaenda kortini mwaka huo huo. Kabla kesi haijaisha, likaja shambulio la Mpeketoni, Juni 2014. Uvuvi wa usiku nao ulipigwa marufuku kwa sababu za usalama. Marufuku hiyo ikadumu miaka. Kwa mtu aliyezoea kutega usiku, hiyo ni sawa na kumwambia mfugaji achunge bila kutoka bomani.

Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki zao, zikiwemo za mazingira na utamaduni, zilikiukwa. Ikaagiza wavuvi takriban 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, huku wavuvi wakiwa bado wanafuatilia pesa zao.

Kwa nini jambo hili linihusu mimi wa ngamia? Kwa sababu barabara za mradi huo huo zinapita Garissa na Isiolo, kwenye malisho. Malisho nayo hayana ua. Mfugaji akihama kutafuta majani, mgeni anaona pori lisilo na mtu, kumbe ni shamba linalopumzishwa.

Wavuvi waliweza kueleza mbele ya jaji nani anavua, wapi, na msimu gani. Sisi vijana wenye simu tunaweza kuanza hapo: kuwarekodi wazee wakitaja visima, njia za mifugo na misimu yake. Tufanye hivyo kabla mtu hajaja na ramani.