Ligi ya Vyuma vya Uingereza: Nani Mkongwe, Nani Mbio, Nani Ghali

Kila kijiwe cha bodaboda, kuanzia Mwananyamala hadi Mbagala, kina ubishi wake: ipi ina mbio, ipi ngumu, ipi inakunywa mafuta kidogo. Leo ubishi huo tunaupandisha ligi kuu. Tunashindanisha pikipiki za kale za Uingereza, na vipimo vyetu ni vitu tunavyopishana navyo kila siku: uwanja, daraja, treni, spana. Sifa moja zaidi inahesabiwa hapa, nayo ni kufufuka. Chuma kilichovunja rekodi halafu fundi wa gereji ya uchochoroni akaweza kukishusha injini na kukirudisha barabarani, hicho ndicho chuma.

1. Nyingi zaidi: BSA

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 hakuna kampuni duniani iliyotengeneza pikipiki nyingi kuliko BSA ya Birmingham. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilitoa M20 zipatazo 126,000 kwa ajili ya jeshi, kila moja na silinda moja ya cc 496. Weka moja kwenye kila kiti cha Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Temeke, wenye nafasi ya watu 60,000. Unaujaza, unazitoa zote, unaujaza tena, na bado 6,000 zipo nje getini.

Mdogo wake alimpita mbali. BSA Bantam ilitoka 1948 ikiwa na cc 123 na nguvu za farasi 4.5 tu, na zikatengenezwa zaidi ya 350,000. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 317,902 Kigamboni. Mpe kila mmoja ya kwake, hadi mtoto wa mgongoni, na zaidi ya 32,000 zinabaki stoo! Bantam ina pia rekodi ya undugu. Michoro yake ilitoka kwa DKW ya Ujerumani ikiwa fidia ya vita, na michoro hiyo hiyo ikazaa Harley-Davidson ndogo ya Marekani, Moskva ya Urusi na Yamaha ya kwanza kabisa, YA-1 ya 1955. Injini yake haina valvu. Ukivua kichwa na silinda, pistoni na ringi zote ziko mbele ya macho yako. Kwa wepesi wa kufunguka naipa kumi kwa kumi.

2. Kongwe zaidi: nati

Ndiyo, nati. Mwaka 1841 Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja cha meno ya bolti kwa Uingereza nzima. Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa bado Mzizima. Sultani Majid alianza kuujenga mji huu miaka ya 1860. Kwa hiyo kuna nati kwenye pikipiki hizi ambazo kipimo chake kina umri mkubwa kuliko jiji letu.

Na hapa ndipo fundi wa bodaboda aina ya Boxer, aliyezoea spana za milimita, anapokwama. Anachukua spana namba 13, haiingii. Anachukua namba 14, inaingia lakini inacheza, na akilazimisha inakula kona za nati. Spana inayotakiwa imeandikwa 1/4 W, na mdomo wake ni milimita 13.3. Tofauti hiyo ndogo imeharibu vyuma vingi kuliko kutu. Asiye na seti ya Whitworth anaweza kuchukua namba 13 iliyo imara na kuipiga tupa pole pole mpaka mdomo ukae sawasawa. Bolti iliyokufa meno inakwenda kwa mkerezaji, naye apewe bolti nzima ya kuiga. Meno ya Whitworth yana pembe ya digrii 55, tuliyozoea ya milimita yana 60. Ukichanganya yanashika mizunguko miwili mitatu, kisha yanakwama.

3. Mbio zaidi: Vincent

Tarehe 13 Septemba 1948, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, Rollie Free alivua nguo akabaki na kaptula ya kuogelea, akalala kifudifudi juu ya Vincent, miguu nyuma hewani, ili upepo usipate pa kumshika. Alipita kwa kilomita 242 kwa saa. Kwa kasi hiyo Daraja la Nyerere la Kigamboni, mita 680, unalimaliza kwa sekunde 10!

4. Pumzi zaidi: Velocette

Kombe langu naliweka hapa. Machi 1961, miezi tisa kabla ya Uhuru wa Tanganyika, Velocette Venom ya silinda moja, cc 499, ilizungushwa saa 24 kwenye uwanja wa Montlhéry, Ufaransa, waendeshaji wakipokezana usiku na mchana. Wastani wake ulikuwa kilomita 161 kwa saa, vituo vya mafuta vikiwa ndani ya hesabu. Hakuna pikipiki ya ukubwa wowote iliyokuwa imewahi kufanya hivyo. Treni yetu ya SGR kwenda Dodoma ina kasi ya juu ya 160. Pistoni moja ilishika wastani wa kasi ya SGR siku nzima! Kwa umbali huo, karibu kilomita 3,864, unakwenda Mwanza, unarudi Dar, unakwenda tena, na unaanza kurudi.

Pumzi ya vyuma vingi vya enzi hiyo inatoka kwenye magneto, inayojitengenezea cheche bila betri. Ugonjwa wake wa uzeeni unajulikana: inawaka vizuri ikiwa ya baridi, ikipata moto inazima na hairudi mpaka ipoe. Usikimbilie kabureta. Badilisha kondensa kwanza. Ikikataa, koili isukwe upya.

5. Maisha marefu zaidi: Royal Enfield Bullet

Jina Bullet liliingia sokoni 1932. Yanga ilizaliwa 1935, Simba 1936. Bullet imewazidi wote wawili umri, na inatengenezwa hadi leo, sasa India.

6. Ghali zaidi: Vincent tena

Januari 2018, mnadani Las Vegas, Vincent Black Lightning ya 1951 iliuzwa dola 929,000, zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kiwango cha wakati ule.

7. Mbali zaidi, na ilipita kwetu: Panther

Florence Blenkiron na Theresa Wallach waliondoka London Desemba 1934 na Panther ya cc 600, silinda moja, yenye kiti cha pembeni na tela nyuma. Walikata Sahara, wakapita Kongo na Afrika Mashariki, Tanganyika ikiwemo, wakaingia Cape Town mwishoni mwa Julai 1935. Miezi saba na nusu, mafundi ni wao wenyewe. Hawakuwa waendeshaji wa kubahatisha: mwaka huo wa 1934 Blenkiron alikuwa mwanamke wa kwanza kuzunguka uwanja wa Brooklands kwa pikipiki kwa zaidi ya maili 100 kwa saa, na mwaka 1939 Wallach naye akaipita alama hiyo, juu ya Norton ya cc 350.