Trafiki akiwa nyuma yako: askari wa pikipiki wanatazama nini?

Wiki iliyopita tulizunguka vijiwe vitatu vya bodaboda hapa mkoani Njombe tukiwa na swali moja. Tuliuliza hivi: unaendesha, unatupa jicho kwenye kioo, unamwona trafiki yuko nyuma yako na pikipiki yake. Unafanya nini?

Wengi walicheka kwanza. Kisha mmoja akasema anakata kona ya kwanza atakayoikuta. Mwingine akasema anaingia njia ya panya hata kama ina tope. Wa tatu akasema anasimama, anainama kwenye injini na kujifanya pikipiki imezima. Hakuna hata mmoja aliyesema anaendelea tu na safari yake.

Swali hilo hatukulitunga sisi. Lilitoka kwa msikilizaji wetu, dada mmoja aliyetuandikia kwamba mdogo wake alifariki akiwakimbia askari. Kijana hakuwa na leseni. Alipowaona mbele aligeuza pikipiki kwa haraka bila kutazama nyuma, na fuso la mbao lilikuwa limeshafika. Dada huyo anauliza kama kuna mahali popote ambapo polisi na waendesha pikipiki wanakaa pamoja wakafundishana kabla mtu hajafa.

Mahali hapo papo. Leo tunaeleza jinsi wanavyofanya, wanachokitazama, na kile unachoweza kukijaribu kijiweni kwako bila kusubiri mtu.

Wanaojipeleka wenyewe kwa polisi

Nchini Uingereza kuna mpango unaoitwa BikeSafe. Unaendeshwa na vikosi vya polisi vya maeneo mbalimbali. Mtu ambaye tayari ana leseni anajiandikisha kwa hiari yake, na sehemu nyingi analipa ada. Siku ikifika wanaanza kwa mazungumzo: ajali za pikipiki zinatokea wapi, na chanzo chake ni nini. Kisha wanatoka barabarani. Mwendeshaji anatangulia, na askari wa pikipiki mwenye mafunzo ya juu anamfuata kwa nyuma. Wakisimama, askari anamweleza alichokiona: pale umefanya vizuri, pale umechelewa kuona, pale umemkaribia sana mwenye gari. Mwendeshaji anaondoka akijua mambo ya kurekebisha.

Hakuna kufaulu wala kufeli. Mtihani wa leseni kule ni jambo jingine, na unasimamiwa na wakala wa serikali ambao si polisi. Sheria haziwekwi pembeni siku hiyo, kwani pikipiki lazima iwe nzima na iwe na bima, na vibao vya mwendo vinabaki vilevile. Lakini askari amekuja kutazama na kueleza, hakuja kuandika faini.

Kwa nini mtu mwenye leseni ahangaike kupimwa tena? Kwa sababu leseni inaonyesha ulivyoendesha siku ya mtihani. Miaka ikipita tabia zinaingia, na mwenye tabia huwa wa mwisho kuiona. Anayekufuata nyuma kwa dakika ishirini anaiona mapema.

Jambo moja linaturahisishia kujifunza kutoka kwao: Waingereza wanaendesha upande wa kushoto kama sisi. Wanachosema kuhusu kona na makutano kinatufaa bila kukigeuza. Tofauti kubwa ni barabara. Wao wana lami karibu kila mahali, sisi tuna changarawe, vumbi la kiangazi na utelezi wa masika.

Wanaanza na macho

Watu wengi hudhani askari anatazama mikono: unashikaje klachi, unabadilishaje gia. Anatazama hayo pia, lakini kitu cha kwanza anachotaka kujua ni macho yako yanafika wapi.

Askari hao wana kitabu chao cha mafunzo kinachoitwa Motorcycle Roadcraft. Kanuni yake kubwa ni hii: endesha kwa mwendo ambao utakuwezesha kusimama ndani ya umbali unaouona kuwa uko wazi, ukiwa upande wako wa barabara.

Tuipime kanuni hiyo kwa uwanja wa mpira. Ukienda kilomita 40 kwa saa, kila sekunde moja unakwenda mita 11, yaani kutoka nukta ya penalti hadi golini. Ukienda kilomita 60 kwa saa, sekunde moja ni karibu mita 17, yaani kutoka mstari wa kumi na nane hadi golini. Sekunde hiyo ndiyo unayoitumia kushtuka tu, kabla hata hujagusa breki. Na ukishashika breki, mwendo ukiwa mara mbili umbali wa kusimama unakuwa mara nne.

Sasa fikiria kona yenye ukungu, ambayo watu wa huku tunaifahamu. Unaona mita 20 mbele. Kwa kilomita 60 kwa saa, mita 17 zimeshaisha wakati unashtuka. Ng'ombe akiwa amesimama pale, au lori limeharibika, mita tatu zilizobaki hazikusaidii.

Kwenye kona askari wanafundisha kutazama mahali ambapo kingo mbili za barabara zinaonekana kukutana, pale mbali kabisa. Ukiona mahali hapo panakusogelea haraka, kona ni kali na mwendo wako umezidi, kwa hiyo punguza. Ukiona panaanza kukukimbia, kona inafunguka na unaweza kuongeza mwendo taratibu. Askari aliye nyuma yako anajua kama unatazama hapo au unatazama tairi lako la mbele, kwa sababu anayetazama karibu huyumba na hushika breki katikati ya kona.

Hatua tano kabla ya hatari

Kila wanapokaribia kona, makutano, daraja au kundi la watoto wa shule, askari hao hufuata hatua tano kwa mpangilio.

Ya kwanza ni taarifa. Tazama mbele, tazama vioo, toa ishara kama kuna mtu anayeihitaji. Hatua hii haikomi, inaendelea katika hatua zote nyingine.

Ya pili ni nafasi. Kaa sehemu ya upande wako ambapo unaona mbali na unaonekana, bila kuvuka mstari wa kati.

Ya tatu ni mwendo. Punguza kabla ya kona ukiwa bado umenyooka.

Ya nne ni gia. Weka gia inayolingana na mwendo huo mpya.

Ya tano ni kuongeza moto, polepole, ukiwa umeshaona kuwa njia iko wazi.

Vijiweni tuliona wengi wanazifanya zote, ila kwa mpangilio uliopinduka. Wanaingia kona na moto, wanashika breki ndani ya kona, kisha wanatafuta gia wakiwa wamelala upande. Kwenye changarawe hapo ndipo tairi linapoteleza.

Breki ya mbele ina adui wengi

Karibu kila tuliyezungumza naye aliilaani breki ya mbele. Wanasema inaangusha. Kijana mmoja alituonyesha yake ikiwa imelegezwa kabisa, na anatumia breki ya mguu peke yake.

Hofu hiyo ina chanzo cha kweli, lakini dawa yake siyo kuilegeza. Unapopunguza mwendo, uzito unakwenda mbele na tairi la mbele linagandamizwa chini. Kwa hiyo kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Kinachoangusha ni kuibana ghafla, au kuibana wakati usukani umepinda. Askari wanafundisha kuikamua: unaanza kwa wepesi, unaongeza nguvu kadiri uzito unavyohamia mbele, na unaiachia taratibu unapokaribia kusimama.

Kwenye changarawe, mchanga au tope, mkono uwe mwepesi zaidi na mguu ufanye kazi kubwa kidogo. Na ukiwa na gunia la viazi au mbao nyuma, uzito umehamia nyuma na usukani unakuwa mwepesi. Breki ya mguu itasaidia zaidi kuliko kawaida, lakini usidhani utasimama pale ulipozoea kusimama ukiwa mtupu. Mshikaki wa abiria watatu ni hivyohivyo.

Kioo hakioni kila kitu

Kosa alilofanya mdogo wake yule dada ni la kawaida sana: kugeuza bila kutazama nyuma. Kioo cha pikipiki kina sehemu kisichoiona, hasa pembeni karibu na bega. Gari zima linaweza kujificha hapo. Ndiyo maana askari wa Uingereza wanasisitiza kugeuza shingo na kutazama juu ya bega kabla ya kukata kulia au kuhama upande. Wenyewe wanaliita tazamo la kuokoa maisha. Linachukua nusu sekunde. Kwanza kioo, kisha indiketa, kisha bega, ndipo unageuza. Na indiketa uizime baada ya kukata, maana ikiendelea kuwaka inamdanganya anayekuja.

Jipimeni kijiweni

Zoezi hili halihitaji fedha. Chagueni barabara mnayoijua, saa ambayo haina magari mengi, bila abiria na bila mizigo. Mmoja anatangulia, mwenzake anamfuata kwa umbali wa sekunde tatu: wa mbele akipita mti, wa nyuma ahesabu elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu, ndipo aufikie. Hakuna kushindana. Baada ya dakika kumi na tano mnasimama na wa nyuma anajibu maswali haya:

Alitazama juu ya bega kabla ya kukata?
Alipunguza mwendo kabla ya kona au ndani ya kona?
Alivuka katikati ya barabara kwenye kona yoyote?
Alimkaribia aliye mbele yake kiasi cha kushindwa kusimama?
Kamba ya kofia ngumu ilikuwa imefungwa?

Swali la mwisho lisionekane dogo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia ngumu inapunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kufa kwa asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kofia isiyofungwa kamba huruka kabla kichwa hakijafika chini. Na abiria naye ana kichwa.

Mwambie mwenzako mambo mawili mazuri na moja la kurekebisha. Kisha mbadilishane.

Na leseni?

Hapa Tanzania anayepima uwezo wako ni trafiki, na leseni inatolewa na TRA. Unaanza na leseni ya kujifunzia, yaani lena, unapata mafunzo, unapimwa na polisi, na ukifaulu unapewa cheti cha umahiri unachokipeleka TRA. Pikipiki iko kwenye daraja A na madaraja yaliyo chini yake.

Tunajua kwa nini wengi wanachelewa. Nauli ya kwenda mjini na kurudi, ada, na siku nzima bila hesabu ya bosi. Hayo ni mazito na hatuyadharau. Lakini tuweke kwenye mizani kitu kingine. Tangu bajeti ya mwaka 2021/22, faini ya kosa la barabarani kwa bodaboda ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Kwa wengi wetu hiyo ni kama hesabu ya siku moja. Inauma, ila kesho unarudi kijiweni. Anayegeuza pikipiki mbele ya fuso akikimbia faini anaweka maisha yake na ya abiria wake kwenye kamari ya fedha hizo.

Kwa viongozi wa vijiwe, tuna ombi. Mwendeeni polisi kata wenu na mwombe siku moja ya kupimwa bila faini, mkubaliane mapema mbele ya mtendaji: nani atakuja, barabara ipi, na kwamba siku hiyo ni ya kutazama na kueleza. Na kwa upande wa polisi, siku hiyo ahadi itimizwe. Askari akivunja neno mara moja, hakuna kijana atakayekuja tena.

Dada aliyetuandikia alimalizia ujumbe wake kwa kutuomba tusimtaje jina, na hatutamtaja. Alisema anaye mdogo mwingine, ameanza bodaboda mwezi huu. Jumamosi hii tutakwenda kijiweni kwake na karatasi yenye maswali yale matano. Ukitaka tufike na kwako, tutumie ujumbe kwa namba ileile ya kipindi cha asubuhi.