Isiolo hadi Moyale: lami ilipofika kaskazini

Hounslow, magharibi mwa London, ambako leo ndege za Heathrow hupita juu ya mapaa mchana kutwa, palikuwa na nyika iliyoogopwa na kila msafiri. Katika karne za 17 na 18 wanyang'anyi waliopanda farasi waliyavizia magari ya kukokotwa yaliyoelekea Bath na Exeter. Waliokamatwa walinyongwa, na baadhi ya maiti zikatundikwa kandokando ya njia liwe onyo.

Mkenya wa kaskazini aliyehamia huko hawezi kuistaajabia habari hiyo.

Kwa miongo mingi lami ya Kenya ilikoma Isiolo. Mbele yake, hadi Moyale mpakani mwa Ethiopia, zilibaki kilomita zipatazo 500 za changarawe, mawe na vumbi, ingawa kwenye ramani njia hiyo ilihesabiwa kuwa sehemu ya barabara kuu ya kutoka Cairo hadi Cape Town. Magurudumu ya malori yaliifanya iwe na vijituta vilivyopangana kama mawimbi, vikilegeza bolti na kuvunja springi. Mvua iliponyesha, lori liliweza kukwama kwa siku kadhaa. Abiria waliketi juu ya vyuma vya lori, chini yao ng'ombe wakipelekwa Nairobi. Mfanyabiashara aliyenunua mnyama Moyale alikwisha kuikata gharama ya njia katika bei, na aliyepunjika ni mfugaji.

Tena walikuwapo majambazi. Tangu vita vya shifta vya 1963 hadi 1967, serikali ililitazama eneo hili kwa jicho la usalama kuliko la maendeleo, na magari yakawa yakisafiri kwa misafara iliyolindwa na polisi. Si ajabu basi kwamba mtu wa Marsabit aliyeelekea kusini alisema anakwenda "Kenya".

Ujenzi ulianza kutoka Isiolo mwaka 2007, kwa fedha za serikali, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Umoja wa Ulaya, ukapita Merille, Marsabit na Turbi. Kufikia 2017 lami ilikuwa imefika Moyale, na safari ya siku mbili au tatu ikawa ya siku moja. Desemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta na Waziri Mkuu Abiy Ahmed walifungua kituo cha pamoja cha mpakani.

Silaha hazikuondoka pamoja na changarawe. Mei 2022, kufuatia mapigano ya kikabila, serikali iliweka amri ya kutotoka nje usiku katika kaunti ya Marsabit.