Daktari Yuko Mbali, Nani Alipe?



Usiku mmoja mama mjamzito aliletwa kwenye zahanati yetu kwa baiskeli. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Kichwa kilimwuma sana na macho yalikuwa yanaona ukungu. Nilimpima damu nikakuta inakwenda kwa nguvu mno. Zahanati yetu haina daktari. Nilichukua simu yangu nikampigia daktari wa hospitali kubwa. Aliniuliza maswali, nikamjibu. Akanieleza sindano ya kumchoma na kiasi chake, kisha akasema nimpeleke hospitali mara moja. Kabla hajamaliza salio likaisha. Nikaazima simu ya mlinzi.

Mama yule alifika salama na mtoto yu hai. Lakini asubuhi nilipofungua daftari niliona jambo. Kuna mahali pa kuandika dawa niliyotoa. Kuna mahali pa kuandika sindano niliyochoma. Hakuna mahali pa kuandika zile dakika kumi na mbili ambazo daktari alinielekeza kwa simu. Kwa hiyo katika hesabu ni kama hakufanya kazi, na salio la mlinzi ni kama halikutumika.

Nikataka kujua wenzetu wenye fedha nyingi wamelimalizaje jambo hili. Nikasoma habari za Marekani. Nimekuta wao pia wanahangaika nalo.

Tuanze na Alaska. Hili ni jimbo la Marekani lililo kaskazini kabisa, penye baridi na theluji. Vijiji vingi huko havina barabara ya kutokea. Mtu husafiri kwa ndege ndogo au kwa mashua. Katika vijiji hivyo wako wahudumu wa afya waliozaliwa hapo hapo kijijini. Katika miaka ya 1950 baadhi yao walianza kwa kugawa dawa za kifua kikuu. Waliongea na madaktari kwa redio ya upepo, na hewa ilipochafuka hawakusikilizana. Mwaka 1971 wakaanza kujaribu kuongea kwa njia ya setilaiti, yaani chombo kilichorushwa juu sana angani ili kipokee sauti na kuirudisha chini.

Basi unaona, kazi ya kutibu kwa mbali si mpya. Imepita miaka zaidi ya hamsini. Kilichochelewa ni sheria ya malipo.

Je, Marekani nani humlipa daktari? Mwaka 1965 serikali yao ilianzisha mipango miwili kwa sheria moja. Wa kwanza unaitwa Medicare. Huu ni bima ya wazee wa miaka 65 na zaidi, na baadhi ya walemavu. Bima inafanana na chama cha kuzikana: mnachanga mkiwa wazima, mwenye shida analipiwa. Wafanyakazi hukatwa katika mishahara yao. Leo Medicare ina watu zaidi ya milioni 65. Mpango wa pili unaitwa Medicaid. Huo ni wa watu wenye kipato kidogo, na gharama zake hubebwa na serikali kuu pamoja na serikali za majimbo.

Kwa miaka mingi Medicare haikuwa na utaratibu wa kumlipa daktari anayemtibu mgonjwa kwa mbali. Sheria ya kuulipia utibabu huo ilipitishwa mwaka 1997, na malipo yakaanza mwaka 1999. Lakini ada ilikuwa moja na watu walikuwa wawili. Daktari wa mbali alichukua robo tatu, na yule aliyekuwa na mgonjwa alichukua robo. Mimi nacheka, maana robo hiyo ningeipokea kwa mikono miwili. Wao waliona haifai. Sheria nyingine ya mwaka 2000 ikabadilisha. Kuanzia Oktoba 2001 daktari alipata ada yake nzima, na zahanati alimokaa mgonjwa ilipewa dola 20 zake mbali.

Hata hivyo masharti yalikuwa magumu. Mgonjwa awe wa sehemu za vijijini. Akae ndani ya zahanati au hospitali, asiwe nyumbani kwake. Yeye na daktari waonane kwa picha na kusikilizana papo hapo. Sauti peke yake haitoshi. Kupiga picha ya sikio bovu na kuituma ili daktari aitazame baadaye kuliruhusiwa Alaska na Hawaii tu, katika mipango ya majaribio.

Hebu fikiri juu ya mzee aliyepooza upande mmoja. Kinachomshinda ni kutoka nyumbani. Sheria ilimwambia atoke nyumbani ndipo atibiwe kwa mbali!

Lakini tusiwacheke waliotunga sheria. Waliogopa wizi, na wizi upo. Aprili 2019 serikali ya Marekani iliwashtaki watu 24 kwa udanganyifu mmoja mkubwa. Wazee walipigiwa simu wakaambiwa watapewa mikanda ya mgongo na ya magoti bure. Madaktari waliandika kwamba mikanda inahitajika, hata kwa wagonjwa ambao hawakuwaona. Medicare ikadaiwa. Hasara ilihesabiwa kuwa zaidi ya dola bilioni 1.2. Ndiyo maana mtu wa fedha anauliza: nitajuaje kwamba simu ilipigwa, na mgonjwa alikuwepo?

Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona. Wazee waliambiwa wasitoke. Mwezi Machi serikali ikalegeza masharti. Mgonjwa aliruhusiwa kutibiwa akiwa nyumbani, awe wa mjini au wa shamba. Ikakubaliwa hata simu ya sauti tupu, kwa kuwa wazee wengi hawana simu za picha au hawajui kuzitumia. Mwishoni mwa Aprili malipo ya simu hizo yakapandishwa yakalingana na ya mgonjwa aliyefika mwenyewe.

Ruhusa hiyo ilikuwa ya muda. Wagonjwa wa akili walipata ya kudumu kwa sheria ya Desemba 2020. Wengine waliongezewa siku kidogo kidogo: hadi mwisho wa 2024, kisha hadi Machi 2025, kisha hadi Septemba 2025. Tarehe 1 Oktoba 2025 Bunge lao lilikuwa halijakubaliana juu ya fedha za serikali. Ofisi nyingi zikafungwa, na ruhusa ikaisha. Daktari aliyempigia mzee siku hiyo hakujua kama atalipwa. Baadhi ya hospitali zilifuta miadi. Nyingine ziliwaambia wazee kwamba huenda wakalipa wenyewe. Hali hiyo ilichukua siku 43. Tarehe 12 Novemba Bunge likarudisha ruhusa, likahesabu kuanzia 1 Oktoba, na mwisho mpya ukawa 30 Januari 2026. Madaktari waliokuwa wameendelea na kazi waliweza kulipwa. Mzee aliyefutiwa miadi hakurudishiwa siku zake.

Katika Medicaid kila jimbo lina kanuni zake juu ya simu na malipo. Tena kwa kawaida daktari hutakiwa kuwa na leseni ya jimbo alilomo mgonjwa. Mtu anayekaa mpakani huweza kumwona daktari wake kwa gari, lakini akiongea naye kwa simu kutoka nyumbani inaweza kuwa kosa la leseni. Mpaka wenyewe huenda ni mto tu, au hata barabara.

Mimi nimenunua daftari dogo. Kila nikimpigia daktari naandika tarehe, saa, ugonjwa, dakika tulizoongea, na simu ilikuwa ya nani. Sasa nimefika ukurasa wa tisa. Mkutano wa kamati ya afya ya kijiji ni Jumamosi, nami nitakwenda nalo. La kwanza nitakalouliza ni salio la mlinzi.