Alama ya Biashara na Faida ya Kuiandikisha

Ye yote aendaye Kawe, upande wa kaskazini wa Dar es Salaam, atasikia watu wakitaja viwanja vya Tanganyika Packers. Zamani hapo palikuwa na kiwanda cha kutia nyama ya ng'ombe makoponi. Kiwanda kilikwisha kufungwa, na vijana wengi wa pale hawakupata kuionja nyama yake. Walakini jina lingali midomoni mwa watu. Jina la biashara laweza kuishi kuliko kuta zake. Basi jina ni mali, na mali huibiwa.

Na tuseme yuko mama mmoja hapo Kawe apikaye sabuni ya mafuta ya nazi uani kwake. Ameiita "Ngalawa", na juu ya karatasi yake amechora ngalawa yenye tanga jeupe. Ameiuza miaka mitatu, hata wanunuzi wa Mwenge na Tegeta hawasemi tena "Nipe sabuni," husema "Nipe Ngalawa." Siku moja aona sokoni sabuni nyingine, nyepesi, iletayo mwasho, nayo imefungwa kwa karatasi ile ile na ngalawa ile ile. Amwendea mwenye nayo, na yule atoa hati: alama hiyo ameiandikisha kwa jina lake. Mama naye atoa cheti chake cha jina la biashara. Je, cheti hicho kitamwokoa?

Hapa ndipo wengi wakosapo. Cheti cha jina la biashara chaonyesha tu ni nani afanyaye biashara kwa jina fulani. Namba ya mlipa kodi ni ya kodi. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango yashuhudia kwamba kitu kimefikia kiwango kilichowekwa. Hakuna hata kimoja katika hivyo kimpacho mtu haki ya kuwazuia wengine wasiweke jina lake juu ya bidhaa zao. Haki hiyo hutoka katika Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, nayo hupatikana kwa kuiandikisha alama yenyewe. Kazi zote mbili, ya majina na ya alama, hufanywa na BRELA, wakala wa Serikali ulioanzishwa mwaka 1999. Na labda kwa kuwa mlango ni mmoja, watu hudhani kuwa na cheti pia ni kimoja.

Si kwamba mama huyo hana njia kabisa. Aweza kwenda mahakamani kumshitaki yule kwa kuuza bidhaa zake kana kwamba ni za mama, na kuomba alama ifutwe. Lakini itampasa kuthibitisha kwamba sabuni yake ilikwisha julikana, kwamba wanunuzi wamedanganyika, na kwamba amepata hasara. Atahitaji mashahidi, hesabu za miaka yote, wakili na subira. Mwenye hati hana mzigo huo wote, maana hati yake yasema kwa ajili yake.

Haifai kila jina. Akiomba kuandikisha "Sabuni Safi" atakataliwa, kwa kuwa maneno hayo ni ya kila muuza sabuni. Vivyo hivyo bendera na nembo za Serikali hazina ruhusa. Jina "Ngalawa" ni jema, kwa kuwa ngalawa na sabuni havina uhusiano wo wote, na mtu akiona neno hilo juu ya sabuni hujua ni ya fulani. Jambo hili si geni kwetu. Wanawake wa pwani wazijua kanga zilizopigwa chapa "K.H.E. Mali ya Abdulla", za duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, aonaye maneno yale pindoni hana haja ya kuuliza zimetoka wapi.

Alama huandikishwa kwa mafungu. Mataifa mengi yamepatana kugawa bidhaa katika mafungu 34 na huduma katika mafungu 11. Sabuni imo katika fungu la 3. Mkate, chai na kahawa vimo katika la 30. Basi mama akitaka kesho kuoka mikate ya "Ngalawa", ombi la sabuni halitoshi. Kwanza yafaa atafute katika daftari la BRELA kama alama ya kufanana haijakwisha chukuliwa, ndipo apeleke ombi lake, ambalo siku hizi hupelekwa kwa mtandao. Msajili akiridhika, alama hutangazwa katika gazeti lake, na mwenye pingamizi hupewa siku 60.

Siku hizo 60 si za kuchezea. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba huko kwao kuandikisha neno "Kikoy", yaani kikoi chetu hiki cha pwani. Kama ingefaulu, wafumaji na wafanya biashara wa Kenya wangalizuiwa kuuza vikoi Uingereza kwa jina lake la asili. Walikuwako watu waliosoma tangazo lile, wakaweka pingamizi, na ombi halikufaulu. Wasingalisoma, neno la wengi lingalikuwa la mmoja.

Kisa hicho chafundisha pia kwamba haki hii ina mipaka ya nchi. Hati ya BRELA ni ya Tanzania Bara tu. Sabuni ikipakiwa jahazini kwenda Unguja, yatakiwa iandikishwe Zanzibar, ambako kuna sheria yake ya mwaka 2008 na wakala wake. Kwa nchi kadhaa za Afrika liko shirika la ARIPO huko Harare, ambako ombi moja laweza kutaja nchi nyingi. Lakini hilo ni la yule ambaye sabuni yake imekwisha vuka mpaka.

Mwisho ni habari ya muda. Alama huandikishwa kwa miaka 7, ikihesabiwa tangu siku ya kuomba, kisha huongezwa miaka 10 kila mara ada ilipwapo. Kadhalika, alama iliyokaa miaka 3 mfululizo bila kutumiwa yaweza kufutwa mtu mwingine akiomba. Kwa hiyo mama wa Ngalawa, akiisha pata hati, aiandike tarehe ile ya kuomba ukutani, karibu na sufuria ya kupikia sabuni, na asiache kuuza.